Kulinganisha pikipiki za theluji za milimani: uzito, nguvu na uimara

Karatasi ya muuzaji huonyesha namba tatu kwa herufi kubwa: uzito, ujazo wa injini na nguvu za farasi. Zote zinaweza kuwa za kweli na bado zisikuambie ni mashine ipi itakayokutoa bondeni siku theluji laini inapofika kiunoni. Uzito ulioandikwa ni wa mashine kavu, haina petroli, oili wala maji ya kupoza. Nguvu zilizoandikwa ni za usawa wa bahari. Uimara hauna namba kabisa, na ndio unaoamua kama utarudi ukiendesha au ukivutwa kwa kamba.

Mwongozo huu ni wa mnunuzi anayeishi karibu na milima yenye theluji, iwe Alberta, British Columbia, Idaho, Montana au Skandinavia, na anataka kuchagua kati ya mashine kubwa za mlimani. Pikipiki za njia iliyoshindiliwa ni jambo jingine. Ya mlimani ina mkanda mrefu wa mpira chini yake, ambao tutauita treki, wenye meno marefu. Skii zake za mbele zimesogezwa karibu ili mashine ilale upande kwa urahisi, na mwendeshaji hutumia muda mwingi akiwa amesimama.

Zinazoshindana

Ski-Doo Summit hutengenezwa na BRP, kampuni yenye makao yake Valcourt, Quebec, na injini yake ni Rotax inayotoka Gunskirchen, Austria. Ile ya 850 E-TEC ilianza na modeli ya 2017 ikiwa na nguvu 165. Kwa modeli ya 2020 ikaja ya turbo kutoka kiwandani, iliyotunza nguvu hizo 165 hadi mita 2,400 hivi juu ya bahari, na Turbo R iliyofuata ikapanda hadi 180. Lynx Shredder ni ndugu yake: inatoka Rovaniemi, Finland, chini ya BRP hiyohiyo, kwa injini za Rotax, ila chesisi na mfumo wa springi wa nyuma ni tofauti.

Polaris, kampuni iliyozaliwa Roseau, Minnesota, ina familia ya RMK: Pro RMK kwa anayetaka mashine inayoshika mstari wake, na Khaos kwa anayependa kuinua pua na kuigeuza papo hapo. Injini ni Patriot 850, Patriot Boost yenye turbo iliyoingia na modeli ya 2022, na 9R ya cc 899 isiyo na turbo. Arctic Cat ya Thief River Falls, Minnesota, ina mfululizo wa M. Baadhi hutumia mfumo wa springi wa nyuma wa Alpha One wenye reli moja badala ya mbili (reli ni fito ambazo treki huteleza chini yake), na chesisi mpya ni Catalyst. Textron, iliyokuwa mmiliki wake, ilisimamisha uzalishaji kisha ikaiuza kampuni mwaka 2025, kwa hiyo kabla ya kununua M uliza vipuri vinapatikana vipi kwa muuzaji wa karibu nawe. Yamaha ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha biashara hii. Mashine zake za mipigo minne zina nguvu na zinadumu, lakini ni nzito mno kwa theluji laini yenye kina, na hapa hazitazungumziwa zaidi.

Uzito: pima mwenyewe

Mashine hizi zikiwa kavu huwa karibu kilo 190 hadi 210, kutegemea urefu wa treki na vifaa. Sasa ijaze. Matangi huchukua lita 36 hadi 44, na lita moja ya petroli ina takriban kilo 0.74, yaani kilo 27 hadi 33 kwa petroli peke yake. Ongeza oili, maji ya kupoza, betri na stata kama ni ya umeme, beliti ya akiba, zana na koleo. Mashine ya "kilo 200" inaondoka kwenye maegesho ikiwa na 240 au zaidi. Ikishapita saa mbili kwenye theluji, barafu iliyoganda ndani ya handaki la treki (bati linaloifunika treki kwa juu) na juu ya vibao vya miguu huongeza kilo kumi nyingine bila kukuomba ruhusa.

Ukitaka namba ya kweli, tafuta mizani ya kuning'iniza ya kilo 300, kama ile ya kupimia magunia, na winchi ndogo ya mkono.

1. Weka mashine kwenye sakafu tambarare, tangi likiwa limejaa, theluji yote imekwanguliwa.
2. Egemeza mbele kwenye stendi chini ya spindo za skii (nguzo zinazoshika skii), kisha inua nyuma kwa mizani iliyofungwa kwenye bampa hadi mashine yote iwe mlalo. Andika kilo.
3. Geuza kazi: egemeza nyuma kwenye bampa, mahali pale pale mizani ilipofungwa, na uinue mbele kwa kamba iliyopita kwenye spindo zile zile. Andika kilo.
4. Jumlisha.

Kosa linaloharibu kipimo hiki ni kubadilisha sehemu za kuegemeza. Ukipima nyuma kwenye bampa, halafu mara ya pili ukaacha nyuma ikalie treki, jumla yako itakuwa ya uongo kwa kilo nyingi. Mashine ikiinama upande wa mbele au wa nyuma, hesabu nayo inaharibika.

Kipimo hicho kina faida ya pili: unaona uzito umekaa wapi. Mashine mbili zenye jumla sawa zinaweza kutofautiana sana mkononi. Ile yenye kilo nyingi mbele huzika pua kwenye theluji laini na huchosha mabega kila unapoigeuza. Ile iliyobeba nyuma sana hupanda vizuri, lakini skii zake huelea na haisikii usukani kwenye njia ya kurudi.

Kilo zinazozunguka ni ghali kuliko kilo zilizotulia. Treki, shafti ya kuiendesha, diski ya breki na puli za klachi lazima injini izizungushe kabla mashine haijasogea. Ndiyo maana watengenezaji huhangaika kupunguza gramu huko, na ndiyo maana Polaris ilileta QuickDrive kwa modeli ya 2013: beliti yenye meno badala ya cheni ndani ya boksi la oili. Unapunguza uzito na huna oili ya kubadilisha. Unachopoteza ni uvumilivu, kwa sababu cheni iliyolegea hupiga kelele siku nyingi kabla ya kukatika, wakati beliti yenye jeraha dogo la jiwe inaweza kukatika bila onyo.

Nguvu: ziko kiasi gani kule unakoendesha?

Dereva wa lori la zamani lisilo na turbo, anayetoka Mombasa na kupandisha Limuru, anaijua hali hii: injini ni ile ile, mzigo ni ule ule, lakini pumzi imepungua. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Cooke City, Montana, kijiji kinachojaa mashine hizi kila msimu, kiko mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari hata kabla hujaanza kupanda. Togwotee Pass ya Wyoming ni zaidi ya 2,900. Revelstoke, British Columbia, mji wenyewe uko chini ya mita 500, ingawa milima inayouzunguka inapita 2,000.

Tufanye hesabu. Chukua mashine isiyo na turbo ya nguvu 165, kilo 236 ikiwa tayari. Mwendeshaji na mavazi na mkoba wake ni kilo 95, barafu kilo 10. Jumla 341. Kwenye mita 3,000 imepoteza karibu asilimia 30, imebaki na nguvu 115 hivi, na kila nguvu ya farasi inabeba kilo 2.97. Chukua ya turbo, iwe nzito kwa kilo 12, jumla 353, na tuseme huko juu imebaki na nguvu 165. Kila nguvu inabeba kilo 2.14. Tofauti hiyo utaihisi ndani ya dakika ya kwanza.

Sasa zishushe zote hadi mita 600. Isiyo na turbo ina nguvu kama 155, kilo 2.2 kwa kila moja. Ya turbo ikiwa na 180 inapata 1.96. Pengo limebaki dogo, na umelipa maelfu ya dola zaidi, umeongeza mabomba, sensa na joto ndani ya boneti. Kwa anayeendesha kwenye miti, chini ya mita 1,500, isiyo na turbo ni chaguo la akili: ni nyepesi, huitika kidole bila kusubiri, na fundi yeyote anaifahamu. Anayeendesha juu ya mita 2,500 msimu mzima anunue turbo ya kiwandani. Turbo za kufungwa baadaye hutoa nguvu nyingi kuliko hizo, lakini mara nyingi hugharimu dhamana, na pistoni zikiyeyuka bili ni yako.

Usilinganishe nguvu kwa karatasi za kampuni tofauti. Polaris kwa kawaida hutaja ujazo wa injini zaidi kuliko nguvu zake, na namba zinazozunguka mitaani zimepimwa kwa mashine tofauti, siku tofauti, joto tofauti. Soma vipimo viwili vya mahali pamoja au usisome kabisa.

Treki

Kwa ufupi: urefu wa inchi 146 hugeuka kwa wepesi na huzama mapema, 154 au 155 ndiyo ya watu wengi, 163 hadi 165 ni kwa mwendeshaji mzito au theluji yenye kina kila wiki, 175 hupanda kama ngazi na hukataa kugeuka. Meno ya inchi 2.5 au 2.6 hufaa theluji ya majira ya kuchipua, iliyoshikana. Meno ya inchi 3 hung'ara kwenye unga mkavu, na hupata joto na kukatika ukiyakimbiza kwenye njia ngumu. Upana nao uangalie: 15 hulala upande kwa wepesi, 16 huelea zaidi.

Kuzijaribu kwa haki

Zijaribu siku moja, mteremko mmoja, matangi yamejaa, mwendeshaji mmoja. Kabla ya mteremko wowote soma utabiri wa maporomoko ya theluji wa eneo hilo, kila mtu awe na kifaa cha kutafutana kilichowashwa mwilini, fimbo ya kuchomea theluji na koleo mgongoni. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio unaoporomoka zaidi, na ndio huo huo mashine hizi zinaupenda. Apande mmoja, wengine wasubiri mahali salama pembeni.

Jambo la kwanza la kuangalia ni mzunguko wa injini. Kila injini ina mzunguko wake wa kilele, kwa hizi ukiwa jirani ya 8,000 kwa dakika, na namba kamili imeandikwa kwenye kitabu. Fungua mafuta hadi mwisho kwenye theluji laini kwa sekunde tano huku ukitazama geji ya mzunguko. Ikiwa chini kwa 300 au zaidi, vizito vya klachi ya mbele ni vizito kwa mwinuko ule. Ikipita kilele na kulia bila kusukuma, ni vyepesi. Mashine yenye klachi iliyopangwa kwa usawa wa bahari, ukiijaribu kwenye mita 2,500, itaonekana dhaifu kuliko mwenzake na utamhukumu asiye na kosa. Ulinganisho mwingi unaharibikia hapa.

Kisha simama katikati ya theluji isiyokanyagwa, mteremko mdogo, na uondoke polepole. Tazama nyuma. Treki ikichimba shimo kabla mashine haijasogea urefu wake mmoja, ama unaongeza mafuta kwa pupa ama uzito umekaa nyuma mno. Rudia mara tatu kwa kila mashine. Halafu ilaze upande ukiwa umesimama kwa mguu mmoja kwenye kibao, uone nguvu unazotumia kuivuta na jinsi inavyokaa hapo. Alpha One ya reli moja hulala kwa kuguswa tu; wengine wanaipenda kwa hilo, na wengine huiona haitulii kwenye theluji iliyoganda.

Malizia kwa kuikwamisha makusudi, kisha uitoe peke yako. Saa tisa alasiri, mikono imechoka, hapo ndipo kilo nane zinapohesabika.

Uimara: kinachoharibika, na kwa nini

Beliti ya klachi ndiyo hufa kwanza. Hufa kwa joto, na joto linatokana na kuteleza: kuondoka kwa nguvu beliti ikiwa baridi, kulazimisha mashine iliyokwama, au puli mbili zisizokaa mstari mmoja. Baada ya kupanda kwa muda, zima injini, fungua paneli ya pembeni na usogeze kiganja karibu na uso wa puli. Ukihisi uvuguvugu tu na unaweza kuigusa, hali ni nzuri. Ikiwa kiganja kinakimbia chenyewe, pumzisha dakika kumi paneli ikiwa wazi. Mwenye kipimajoto cha miale asome: chini ya nyuzi 80 ni salama, na ikivuka 100 maisha ya beliti yanapungua haraka. Mashine moja ikiwa na moto kuliko mwenzake kwa kazi ile ile, kagua mpira wa kushikilia injini. Ukichanika, injini husogea inapovuta na mstari wa puli hupotea. Beliti mpya iendeshwe kwa upole kilomita 50 za mwanzo, na mkoba uwe na moja ya akiba daima, mbili kwa ya turbo. Bei yake kwa kawaida huzidi dola 150.

Pistoni hukwama kwa baridi. Pistoni hupanuka haraka kuliko silinda iliyozungukwa na maji baridi, hivyo anayewasha na kukimbia hapo hapo anaikwangua. Subiri maji yafike nyuzi 40 kabla ya kufungua mafuta hadi mwisho. Kosa hilo hujirudia mchana: umekaa dakika arobaini ukila, injini imepoa, kisha unaondoka mbio.

Petroli iwe ya oktani 91 kwa hesabu ya Amerika Kaskazini, ambayo ni takriban 95 kwa hesabu ya pampu za Ulaya na Afrika Mashariki. Ya chini hugonga ndani ya silinda. Sensa husikia na kupunguza nguvu, nawe unadhani mashine imechoka. Oili nayo iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu. Oili ya bei ya chini huacha masizi kwenye vali za ekzosi, vali zinanata, na dalili yake ni injini iliyo nzito chini au isiyofika kilele juu. Kabla ya kufungua injini, toa vali na uzisafishe. Ni kazi ya saa moja.

Joto kwenye njia ngumu huwapata wote. Radieta za mashine hizi ziko ndani ya handaki na hupozwa na theluji inayorushwa na treki; plastiki za reli nazo hulainishwa na theluji hiyo hiyo. Pasipo theluji laini, shusha vikwaruzo vinavyochimba barafu na kuirushia treki. Taa ya joto ikiwaka, ingia pembeni kwenye theluji laini kwa dakika moja na joto litashuka.

Kwa ya turbo ongeza desturi moja: baada ya kupanda kwa nguvu, iache iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iendelee kupita kwenye beringi za turbo zikipoa.

Stata ya SHOT ya Ski-Doo hupunguza kilo za betri kwa kutumia kapasita: asubuhi unavuta kamba, kisha unabonyeza kitufe ndani ya takriban nusu saa baada ya kuzima. Ukichelewa, unavuta kamba tena. Jaribu kuvuta ukiwa kwenye mteremko, theluji kiunoni, kabla ya kuamua kama kilo hizo zinakufaa.

Ukinunua iliyotumika

Omba iwe baridi ukifika; injini iliyopashwa moto kabla huficha ugumu wa kuwaka. Pasha, zima, toa plagi zote mbili, zima mfumo wa moto na nozeli kama kitabu kinavyoelekeza, funga geji ya kompresheni, fungua mafuta hadi mwisho na uvute kamba mpaka sindano isimame. Tofauti kati ya silinda mbili isizidi asilimia 10. Ikizidi, usijadili bei, ondoka.

Vua paneli zote. Tazama pale mikono ya skii inapofungwa kwenye chesisi: rangi iliyopasuka au rivet iliyolegea inasimulia kisiki kilichogongwa. Piga jicho kwenye handaki kutoka nyuma kama unavyopima ubao, mkunjo utauona. Zungusha treki yote kwa mkono ukihesabu meno yaliyong'oka na vibano vilivyopotea. Shika puli ya nyuma uitikise. Ikicheza, bei ya beringi iondolewe kwenye bei ya mashine.

Mwisho, chukua namba ya chesisi na umpigie muuzaji wa chapa hiyo aangalie kama kuna wito wa kiwandani ambao haujatekelezwa. Desemba 2022 Polaris iliwataka wamiliki wa mashine nyingi za chesisi za Matryx, Axys na Pro-Ride kusimamisha matumizi kwa sababu ya hatari ya moto kwenye tangi la petroli, na mashine ya mitumba inaweza kubadilisha mikono mitatu bila yeyote kuipeleka kurekebishwa. Ukiwa kwenye simu hiyo hiyo, uliza kama ana beliti, plagi na mikono ya skii ya modeli hiyo rafuni leo, au vinaagizwa, na huchukua siku ngapi.